Habari za Kupandishwa kwa Kitufe cha Wasilisha

Sogeeni, enyi mlioketi na enyi mliosimama, enyi wenye simu za kioo kizima na ninyi ambao simu zenu zimepasuka kutoka kona hadi kona, sogeeni mtulie, na mwenye kutafuna atafune polepole, kwa maana haya nitakayoyanena si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wako waliosimulia majemedari na miji iliyozingirwa miaka kumi; hao waacheni na makuu yao. Mimi nasimulia habari za kitufe, kidogo hata ukucha wa kidole cha mwisho hukifunika, cha kijivu juu ya kijivu, na jinsi kilivyotolewa shimoni kikapandishwa juu, mchana wa Alhamisi, katika jiji la Dodoma, makao makuu ya nchi na ya vumbi lake. Nawe Mtandao usiyeonekana, uliye nasi dakika hii na dakika ijayo umekwenda kusikojulikana, nakusihi unishukie walau vistari viwili, usije ukanikatikia katikati ya sentensi kama ulivyozoea.

Alikuwako basi, katika zama hizi zetu, mtu jina lake Damas Matonya, mzaliwa wa Mkonze, Afisa TEHAMA Daraja la Pili, Mbeba Kompyuta Isiyokaa Chaji, Mjuzi wa Kuzima na Kuwasha Tena. Alikuwa na miezi kumi na moja ya utumishi katika Wakala wa Vibali vya Mazao, na faili lake la kuthibitishwa kazini lilikuwa limelala juu ya meza ya Mkurugenzi, chini ya kikombe cha chai. Kila alipoitwa ofisini humo alilitupia jicho, na kila mara aliona duara la kikombe limeongezeka moja. Hakusema kitu, maana mtu ambaye hajathibitishwa husema kidogo.

Na Wakala ule ulikuwa umezaa mfumo. Uliitwa Mfumo Unganishi wa Kielektroniki wa Maombi ya Vibali vya Kusafirisha Mazao Yaharibikayo Haraka, jina ambalo kulitamka lote kulitosha kuharibu nyanya. Mkulima ambaye zamani alipanga foleni na karatasi mkononi, sasa angeomba kibali kwa simu yake akiwa shambani, ajaze fomu, abonyeze kitufe cha Wasilisha, apokee kibali, apite kwenye geti la ukaguzi na mzigo wake. Karatasi zilikuwa zimepigwa marufuku tangu Jumatatu, kwa kishindo, na ukurasa ukafunguliwa siku hiyohiyo. Uzinduzi rasmi ulikuwa Ijumaa. Kati ya siku hizo mbili kulibaki jambo dogo tu la kuulizwa, yaani kama kuna binadamu anayeweza kuutumia, na ripoti ya tathmini hiyo alitwishwa Damas.

Msidhani tathmini haikufanyika. Ilifanyika, tena kwa siku mbili, katika ukumbi wenye kiyoyozi na viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe, na waliotathmini walikuwa watu thelathini na wanne, wote waliokuwa wameutengeneza mfumo wenyewe, ili pasiwepo mgeni wa kupotosha mambo. Ukurasa ulimulikwa ukutani, mkubwa wa kumeza ng'ombe, ukafunguka kwa kufumba na kufumbua kwa mtandao wa ofisi. Wakaulizwa kama mwonekano ni bora, bora sana, au bora kabisa. Walijibu kwa ujasiri, wakanywa chai, na alama ikawa asilimia tisini na saba, kwa sababu mtu mmoja alikuwa chooni.

Ukurasa huo ulipangwa na Frida, Afisa Uhusiano, Mlinzi wa Itifaki, Mpangaji wa Viti vya Mbele, mwanamke ambaye hajawahi kukosea nani akae wapi. Alipoombwa apange ukurasa wa mbele, Frida aliupanga kama anavyopanga shughuli yoyote ya maana. Juu kabisa ukakaa utambulisho. Ukafuata ukaribisho wa Mkurugenzi, aya kumi na nne, ukianza na maneno "itifaki imezingatiwa". Likafuata neno la shukrani. Ikafuata picha ya pamoja ya wale thelathini na wanne, nzito vilevile kama ilivyotoka kwenye kamera. Na chini ya picha, chini kabisa, kwenye kipengele kilichoitwa Mengineyo, ndipo ilipokuwa fomu ya kuomba kibali, na chini ya fomu, kitufe. Mpaka picha ifunguke yote, fomu haikuonekana wala kitufe hakikuonekana. Hili halikumshangaza mtu yeyote ukumbini, kwani kila mmoja wao alikuwa amekwisha kuhudhuria shughuli nyingi na alijua kwamba jambo lililowaleta huja mwishoni.

Alhamisi hiyo, saa sita na nusu mchana, Damas alikuwa amefungua ripoti mbele yake, kalamu mkononi. Saini ilitakiwa saa saba. Hapo ikalia simu ya huduma kwa wateja, ambayo iliwekwa juu ya meza yake kwa kuwa wenye meza nyingine walikuwa wamethibitishwa.

"Haloo. Hapo ni serikali?"

"Ni Wakala wa Vibali vya Mazao, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Mwamvua, nipo Kolo huku, Kondoa. Nina matenga themanini ya nyanya, yapo juu ya gari, na Hashimu dereva kashanuna. Nimeambiwa karatasi hakuna tena, niingie kwenye simu. Nimeingia. Nimesoma ya mkubwa wenu mwanzo hadi mwisho, ananikaribisha, ananikaribisha, nikasema haya, nimekaribia. Sasa mlango uko wapi?"

"Shuka chini kidogo, mama."

"Nimeshuka. Nimekuta watu wamepiga picha. Wamefunguka hadi kwenye tai. Miguu yao naisubiri tangu saa tatu."

Damas akaitazama ile asilimia tisini na saba. Akamwomba mama azime na kuwasha tena, silaha kuu ya ukoo wake, na mama akamjibu kwamba ameshazima mara nne, na kila akiwasha hotuba inaanza upya.

"Mwanangu," Mwamvua akasema, na safari hii sauti ilishuka, "hizi nyanya nimechuma jana asubuhi. Zimeiva, hazina siku mbili. Nikilaza gari leo, kesho nawamwagia mbuzi. Na hilo ndilo shamba lote, sina lingine."

"Geti linafungwa saa ngapi kwenu?"

"Saa kumi. Na gari likitoka hapa linataka saa moja na nusu kufika getini."

Damas aliona aibu. Asingeweza kumjazia fomu yeye, kwa kuwa mfumo ulipokea ombi kutoka simu ya mwombaji tu, kwa usalama. Asingeweza pia kuugusa ukurasa, kwa kuwa uso wa Mkurugenzi ulikuwa juu yake, na uso wa Mkurugenzi hausogezwi na Daraja la Pili. Akamwambia, "Mama, usikate bando. Nakupigia." Kisha akanyanyuka, akaikumbatia kompyuta yake na waya wake, akaitia ile simu mfukoni, akaishika njia ya ghorofani, na makarani waliomwona akipita na ripoti isiyo na saini waliacha hata kuchat.

Mkurugenzi Ebenezer alikuwa kwenye kiti chake kirefu, na Frida alikuwa kulia kwake, wakichagua rangi ya utepe wa kukatwa kesho. Damas akasalimu, akaweka ripoti mezani karibu na faili lake mwenyewe, akasema kwamba hataisaini mpaka waone mtu mmoja, mmoja tu, akiutumia mfumo kwa simu.

Uchaguzi wa rangi ukasimama. Kiyoyozi peke yake ndicho kilichoendelea na kazi.

"Damas, mwana wa Matonya," Mkurugenzi akanena, akiunganisha vidole vyake, "Wakala huu uliketi siku mbili. Wataalamu thelathini na wanne waliinua kalamu zao kama mtu mmoja, wakasema bora kabisa. Leo unasimama wewe, ambaye faili lako hili hapa bado lina kiu ya saini yangu, unaniambia wote hao hawakuona, ila wewe na simu ya mtu wa Kolo?"

"Hawakuutazama kwa simu, Mkurugenzi. Waliutazama ukutani. Naomba fomu na kitufe vipande juu, hotuba ishuke chini."

Hapo Frida akainuka, na alipoinuka bangili zake zilipiga kelele kama vyombo vikiteremshwa jikoni. "Ndugu Mkurugenzi, kwa heshima na taadhima! Nimepanga shughuli za mikoa sita. Nimepanga mvua ikinyesha, nimepanga wageni wawili wakiwa na cheo kimoja na kiti kimoja. Haijapata kutokea, na kwa uhai wangu haitatokea, mdogo akae mbele ya mkubwa. Leo naambiwa kitufe kimtangulie Mkurugenzi! Kitufe! Kisicho na cheo, kisicho na ofisi, kisicho na hata dereva!"

Mkurugenzi akatikisa kichwa taratibu, maana hoja ya dereva ilimwingia. Damas aliona vita vinamponyoka, akafanya ambalo hakuna mtathmini yeyote wa nchi hiyo aliyewahi kulifanya: akampigia mtumiaji, akaweka sauti kubwa, akailaza simu mezani.

"Mama Mwamvua, uko na Mkurugenzi hapa."

"Yule wa kwenye hotuba?"

"Ndiye mimi, mama," Mkurugenzi akasema, akijinyoosha. "Umeisoma?"

"Nimeisoma, baba. Mara tano. Hakuna kingine kilichofunguka."

"Na umeionaje?"

"Ndefu."

Frida akakohoa. Mama akaendelea, bila ubaya wowote, "Mungu akupe afya, baba, umeandika vizuri, pale pa mkulima kuwa uti wa mgongo nimemsomea hadi dereva. Lakini nyanya zimeanza kutoa maji. Kama kuna mahali pa kubonyeza, nionyesheni nibonyeze."

Sasa tumpe mtu haki yake. Mkurugenzi Ebenezer hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mama yake kijijini naye, na sauti ile ilimfanya aondoe vidole vyake vilivyoungana akavilaza mezani. Angependa kusaidia. Ila alimtazama Frida, naye Frida akaitazama dari, na itifaki ikasimama katikati yao haina pa kupitia. Akasema kwa unyonge, "Damas, naelewa. Lakini tutaanzaje? Mimi nikae chini ya kitufe?"

Na hapo, enyi mnaonisikiliza, ndipo alipoonekana shujaa. Mtu mwingine angelia, mwingine angetaja kanuni za kitaalamu za mataifa makubwa, na angefukuzwa kwa heshima. Damas, ambaye kwa miezi kumi na moja alibebeshwa spika na waya katika kila shughuli ya Wakala, akakumbuka kitu alichokiona kutoka nyuma ya spika hizo.

"Naomba nimuulize Afisa Uhusiano swali moja la itifaki," akasema. "Kwenye shughuli, mgeni rasmi huzungumza wa ngapi?"

"Wa mwisho," Frida akajibu papo hapo, kwa kuwa hakuna swali la itifaki aliloweza kuliacha bila jibu. "Wadogo wote hutangulia. Mgeni rasmi ndiye hufunga."

"Na anayetangulia kabisa, wa kukaribisha watu, huwa ni nani?"

Frida alikuwa ameona shimo, na alikuwa ameshalichimba mwenyewe. "Mwenyekiti wa mtaa," akasema kwa sauti ndogo.

Mkurugenzi akageuka polepole pamoja na kiti. "Kwa hiyo, Frida. Tangu Jumatatu. Nchi nzima ikitazama. Mimi nimekaa mahali pa mwenyekiti wa mtaa?"

"Ndugu Mkurugenzi..."

"Nimetangulia hata neno la shukrani! Wananishukuru, halafu wanakuja wengine baada yangu! Hiki kitufe ndicho kinachofunga shughuli! Hiki kitufe ndicho mgeni rasmi!"

Frida alikaa, akatazama ukurasa kwenye kishikwambi chake, akaona kwa mara ya kwanza kosa ambalo asingemsamehe mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Baadaye alikuja kumwambia Damas kwamba hata ile picha hakuipenda, kwa kuwa yeye ametoka amefumba macho, lakini iliwekwa kwa kuwa mwenyekiti wa maandalizi alitoka vizuri. Kwa sasa alisema tu, "Kipandishwe. Mkurugenzi afunge."

"Kipandishwe mara moja," Mkurugenzi akanguruma. "Kila kilicho kidogo kinitangulie. Fomu, kitufe, vyote!"

Damas akachomeka waya palepale, kwenye tundu la umeme la birika la Mkurugenzi, akaifungua kompyuta. Saa ilikuwa saba na robo. Akaiteua mistari ile, fomu na kitufe chake, akaikata, na kwa sekunde kadhaa kitufe hakikuwa mahali popote duniani, kilining'inia katika kumbukumbu ya mashine, hakika si cha juu wala cha chini. Akapandisha hadi juu ya ukurasa, akabandika. Picha ya pamoja akaishusha chini ya hotuba, akaipunguza uzito. Akabofya Hifadhi. Mtandao ukakatika.

Akasimama dirishani na kompyuta mikononi, upande unaoelekea mtaa wa Kikuyu, waya umekazwa hadi mwisho. Haukurudi. Akachomoa waya, akatoka hadi korido, Mkurugenzi akimshikia waya nyuma, Frida akifungua milango. Kwenye ngazi kilipatikana kistari kimoja. Kwenye ngazi ya tatu vikapatikana viwili, chaji ikiwa asilimia nne, na mbele ya mashahidi hao wawili, mmoja akiwa mkurugenzi mkuu wa taasisi, Damas Matonya akabofya tena, na ikaandikwa: imehifadhiwa. Saa nane kasoro dakika kumi.

"Mama, fungua upya," akasema kwenye simu. "Jaza pale juu, kisha bonyeza Wasilisha."

Simu ikakatika.

Walikaa ngazini watatu, kila mmoja akitazama ukuta wake. Zikapita dakika tatu. Zikapita tano. Damas akawaza matenga themanini na mbuzi, akajikuta anasali, na hakukumbuka mara ya mwisho alisali lini kwa ajili ya nyanya. Kisha kompyuta, kabla ya kuzimika, ikaonyesha mstari mmoja wa kijani: ombi la kwanza kutoka Kolo limepokelewa, kibali kimetolewa. Frida akapiga kofi la furaha, akajizuia, kwa kuwa makofi yana wakati wake.

Simu ikalia. Ni Mwamvua, na alikuwa ananong'ona.

"Mwanangu, mmeingiliwa."

"Vipi, mama?"

"Kuna watu wamejifanya ni nyie. Nimefungua, fomu hiyo hapo. Nimejaza, nimebonyeza, sijamaliza hata kukaa, kibali hiki hapa na namba yake. Hawajaniuliza kitu, hawajaniambia nirudi kesho. Serikali gani hiyo? Nimemzuia Hashimu. Gari haliondoki."

"Mama, ni sisi! Ni chenyewe!"

"Hata wale wezi wa simu husema hivyohivyo, mwanangu. Tena kwa sauti nzuri."

Saa nane na dakika tano. Damas akamwapia, Mkurugenzi akaichukua simu akaapa kwa cheo chake, na mama akamwambia kwa adabu kwamba sauti yeyote anaweza kuigiza. Frida ndiye aliyeinyakua simu hatimaye. "Mama," akasema, "wewe shuka chini ya hicho kibali. Endelea kushuka. Unaona nini?"

Wakasikia pumzi. Wakasikia honi ya lori kwa mbali, na mwanamume akilalamika. Kisha Mwamvua akaanza kusoma, taratibu, "Itifaki imezingatiwa. Awali ya yote, napenda kuchukua fursa hii adhimu..." Akaishia hapo. "Aa. Ni nyie." Akapaza sauti nje ya simu, "Hashimu! Washa gari! Ni wenyewe!"

Na lori likaondoka Kolo, likafika getini saa kumi kasoro dakika kumi na tano, likapita.

Basi na iandikwe katika vitabu, ichongwe kwenye mlango wa stoo ya vifaa, ifundishwe kwa waajiriwa wapya wakati wakisubiri meza: kwamba mwaka huu, mwezi huu, siku ya Alhamisi, kitufe kilipanda kutoka Mengineyo hadi juu, na nchi ikabaki salama. Muhtasari rasmi wa kikao umekwisha kuandikwa, nao unasema kuwa Mkurugenzi alibaini kasoro na kutoa maelekezo, wataalamu wakatekeleza. Jina la Damas halimo. Faili lake msiniulize.

Lakini jioni ile, kabla ya kufunga ofisi, Damas alipiga saini ripoti yake. Asilimia tisini na saba aliifuta, akaacha pengo, kwa kuwa hakujua namba ya kuandika. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kisanduku cha maoni ya watumiaji, ambacho katika ripoti zote za Wakala tangu uanzishwe kimeandikwa "Hakuna". Akakaa akifikiri, kalamu juu ya karatasi, kisha akaandika: "Mtumiaji mmoja. Alidhani ni matapeli."